John Wesley Hyatt: Mpiga chapa aliyesaka kiini cha tufe, tembo wa Afrika wakalipa gharama

Na Mwandishi Wetu, Tandala

FUNDI seremala wa Tandala, wilayani Makete katika Mkoa wa Njombe, hahitaji kufundishwa darasani kwamba ubora wa ubao huanzia moyoni mwa mti. Katika nyanda hizi za juu zenye baridi, ambako miti ya paina imekuwa tegemeo la kaya nyingi, ubao uliopasuliwa ukabaki na kiini cha mti ndani yake hujikunja na kupasuka ukaukapo, hata kama uso wake umepigwa randa ukang'aa.

Waswahili waliliweka jambo hilo katika methali ya mkakasi, chombo kizuri kwa nje ambacho ndani yake ni kipande cha mti tu. Kinachoonekana hakitoshi kueleza kitu kitakavyofanya kazi.

Fumbo hilo hilo lilimsumbua kijana mmoja mpiga chapa wa Marekani, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Jina lake ni John Wesley Hyatt, anayetambuliwa duniani kuwa mmoja wa waasisi wa plastiki. Lakini kilichomfikisha kwenye plastiki hakikuwa beseni wala kitana. Kilikuwa ni tufe la mchezo, na swali la nini kiwekwe katikati yake ili libingirike sawasawa.

Maisha ya mtu huyo yanaigusa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa malighafi aliyotaka kuiondoa mezani ilikuwa pembe ya tembo, na sehemu kubwa ya pembe iliyopendwa na mafundi wa matufe ilipitia Zanzibar.

Hyatt alizaliwa Novemba 28, 1837 huko Starkey, katika Jimbo la New York, akiwa mtoto wa mhunzi. Mwaka huo huo, ng'ambo ya bahari asiyoijua, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliwasili Zanzibar kusimamia biashara iliyokwishaanza kushamiri baina ya wafanyabiashara wa mji wa Salem na himaya ya Sultani Seyyid Said.

Hakupata elimu ya juu. Akiwa na umri wa miaka 16 alikwenda Jimbo la Illinois kujifunza kazi ya uchapaji, kazi iliyomzoesha kupanga herufi za risasi, kuchanganya wino na kutazama kwa makini namna vitu vinavyoganda na kushikamana. Mwaka 1861 alipata hataza yake ya kwanza, kwa kifaa cha kunolea visu.

Wakati huo mchezo wa biliadi, ndugu mkubwa wa ule wa meza ya kijani unaochezwa leo hata katika vilabu vya uswahilini, ulikuwa umeenea mno katika miji ya Marekani na Ulaya. Matufe yake bora yalichongwa kwa pembe ya tembo. Hapakuwa na kitu kingine kilichokuwa na uzito, ugumu na mrusho uliowaridhisha wachezaji hodari.

Hata hivyo, si kila kipande cha pembe kilifaa. Katikati ya pembe ya tembo hupita mshipa mwembamba, ambao huonekana kama kitone cheusi pembe ikatwapo kwa upana. Fundi alipaswa kuchonga tufe ili mshipa huo upite katikati kabisa, utokeze kwenye ncha mbili zinazotazamana. Mshipa ukienda upande, tufe nalo likawa na upande mzito; likipigwa polepole juu ya meza lilipinda mwishoni mwa safari kana kwamba lina nia yake.

Kwa sababu hiyo, pembe moja ilitoa matufe machache tu. Hayo nayo yalihifadhiwa kwa miezi mingi yakauke kabla ya kuchongwa kwa mara ya mwisho, kwani pembe husinyaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Hata baada ya hapo, mabadiliko ya joto na baridi yaliweza kulifanya tufe lipoteze uduara wake.

Pembe laini ya Afrika Mashariki ilisifika sana kwa kazi hiyo. Ilifika pwani kwa mabega ya watu. Misafara ilitoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, na upande wa kusini mingine ikaunganisha Kilwa na Ziwa Nyasa, lililo chini ya milima ya Livingstone inayoikinga Makete kwa upande wa magharibi. Baadhi ya wapagazi walikuwa watu wa ujira, wakiwamo Wanyamwezi waliosifika kwa kazi hiyo. Wengine walikuwa watumwa.

Mfanyabiashara aliyejulikana kuliko wote katika njia hizo, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa rika moja na Hyatt, kwani naye anakadiriwa kuzaliwa katika miaka ya 1830. Wakati Tippu Tip akizidi kusonga magharibi hadi Kongo kwa kuwa tembo walikuwa wakipungua karibu na pwani, Hyatt alikuwa Marekani akitafuta namna ya kuifanya pembe hiyo isihitajike.

Chanzo chake kilikuwa tangazo. Mwaka 1863 kampuni ya Phelan na Collender ya New York, iliyotengeneza meza na vifaa vya biliadi, iliahidi dola 10,000 kwa atakayegundua kitu cha kushika nafasi ya pembe. Kwa mpiga chapa wa kawaida, fedha hizo zilikuwa utajiri. Hyatt, ambaye wakati huo alihamia Albany, alianza majaribio usiku na siku za mapumziko.

Alijaribu rojo la karatasi, nyuzi, gundi ya shelaki na unga uliosagwa. Mwaka 1865 alipewa hataza kwa tufe la mchanganyiko. Lilikuwa la mviringo na lilipendeza, lakini halikuwa na uhai wa pembe. Ganda na kiini vilikuwa vitu viwili vilivyolazimishwa kukaa pamoja, na tufe lilipogongwa, kila kimoja kiliitikia kwa namna yake.

Mwaka 1868 bahati ilimfuata mahali pa kazi. Wapiga chapa walikuwa na desturi ya kupaka kolodioni vidoleni, maji mazito yanayokauka na kuwa kama ngozi ya pili ya kukinga mikono. Hyatt alikuta chupa ya dawa hiyo imeanguka kabatini na kumwagika. Kilichobaki kilikuwa utando mgumu, mwangavu, wenye unene kama wa ukucha. Wengine wangeufuta. Yeye alitambua kwamba amepata ganda la tufe lake.

Mwaka 1869 alipata hataza ya kupaka matufe kolodioni. Ila kolodioni hutokana na nitroselulosi, pamba iliyotiwa asidi, ambayo ni jamaa wa baruti. Katika kulinda rangi, matufe ya mwanzo yalipakwa kolodioni karibu tupu, na yalishika moto upesi yakiguswa na sigara. Yalipogongana kwa nguvu yalitoa mlio mdogo kama wa fataki. Hyatt mwenyewe alisimulia baadaye kuwa mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia kwamba yeye binafsi hakujali mlio huo, isipokuwa kila ulipotokea, wanaume wote ukumbini walichomoa bastola.

Aliyeamua kumaliza tatizo hilo ni Hyatt pamoja na kaka yake Isaiah. Badala ya kuyeyusha nitroselulosi kwa vimiminika vingi ambavyo vikikauka huacha kitu kilichosinyaa, waliichanganya na kafuri, kisha wakaikandamiza kwa joto na nguvu. Kafuri iliyeyuka na kuishika nitroselulosi, ikatoka bidhaa ngumu iliyoweza kulainishwa tena kwa joto na kufinyangwa. Hataza ilitolewa Julai 12, 1870. Isaiah ndiye aliyeipa bidhaa hiyo jina la seluloidi.

Haikuwa kazi ya watu waoga. Msomi mmoja wa kemia aliwaonya kuwa joto likizidi kidogo, jengo lao lingelipuka. Hyatt hakubishana. Alisubiri wenzake waende kula mchana, akajificha nyuma ya ubao mnene, akapandisha joto makusudi ili ajue ukweli. Gesi zilifoka kwa nguvu, lakini jengo likabaki limesimama, naye akiwa hai. Tangu hapo alijua mpaka wa hatari ulipo.

Kampuni ya ndugu hao ilihamia Newark, New Jersey, na seluloidi ikawa meno bandia, vitana, vishikio vya visu, kola za mashati na baadaye utepe wa filamu. Mwaka 1872 Hyatt alipata hataza ya mashine ya kusukuma seluloidi laini kwa nguvu hadi ndani ya kalibu. Hiyo ndiyo bibi wa mashine zinazomimina mabeseni na vitana vya plastiki vinavyouzwa leo katika masoko ya Njombe na Makambako.

Sifa haikukosa wapinzani. Mwingereza Alexander Parkes alikuwa ameonyesha bidhaa ya jamii hiyo huko London mwaka 1862, na mfuasi wake, Daniel Spill, aliifikisha kampuni ya Hyatt mahakamani nchini Marekani. Kesi iliendelea kwa miaka mingi. Hatimaye, mwaka 1884, mahakama ilimtambua Parkes kuwa ndiye aliyetangulia, na ndugu wa Hyatt wakaachwa waendelee na shughuli zao.

Swali linalowahusu zaidi wasomaji wa upande huu wa dunia ni je, seluloidi iliwaokoa tembo? Mara nyingi huandikwa hivyo, lakini ukweli ni mchungu zaidi. Tufe la Hyatt lilikuwa rahisi na lilifanana na wenzake wote, hivyo likaenea katika kumbi za kawaida. Mabingwa, hata hivyo, waliendelea kung'ang'ania pembe kwa miongo mingi kwa sababu ya mrusho wake. Viwanda vya funguo za piano katika Jimbo la Connecticut navyo viliendelea kuagiza pembe Zanzibar.

Kwa hiyo, mlango wa bei nafuu ulifunguliwa bila mlango wa anasa kufungwa. Watu wengi zaidi walijifunza kucheza, na waliotaka kujitofautisha walidai pembe halisi. Misafara haikusimama kwa sababu ya ugunduzi wa Albany. Tembo waliendelea kuanguka, na watu waliendelea kubeba.

Hyatt mwenyewe hakutulia kwenye biliadi. Alijihusisha na uchujaji wa maji ya mijini, mitambo ya kukamua miwa, na cherehani yenye sindano 50 kwa mara moja. Mwaka 1892 alianzisha kampuni ya beringi za rola, ambayo baadaye iliongozwa na Alfred Sloan na ikaingia katika familia ya General Motors. Kwa jumla alijipatia hataza zaidi ya 200.

Miongoni mwa kazi za uzeeni mwake, ipo moja iliyomrudisha kwenye swali la ujanani. Mwanzoni mwa karne ya 20 alibuni njia ya kuigandamiza na kuigumisha miti migumu ya Marekani ili itumike kutengeneza vichwa vya magongo ya gofu, nyundo za mbao, na matufe ya bolingi.

Bolingi ni mchezo wa kubingirisha tufe zito juu ya njia laini ya mbao ili kuangusha vigingi kumi vilivyopangwa kwa umbo la pembetatu. Njia hiyo ina urefu wa futi 60, yaani mita 18 na ushei, kutoka mstari wa kurushia hadi kigingi cha mbele. Tufe halizidi ratili 16, ambazo ni karibu kilo 7.3, na upana wake ni kama sentimita 21.6. Mwaka 1895 wachezaji wa Marekani waliunda chama huko New York kilichoweka vipimo vya pamoja.

Katika enzi hizo, matufe yalichongwa kwa mti mzito wa nchi za joto za bara la Amerika, uitwao lignum vitae, ambao ukitiwa majini huzama. Lakini mti ni mti. Una moyo, una pete, una upande uliokua haraka na upande uliokua polepole. Tufe la mbao lililika, lilipasuka na kupoteza uduara, kama pembe ilivyofanya mezani. Kuanzia mwaka 1905 hivi, matufe ya mpira mgumu yalianza kuusukuma mti kando, na njia ya Hyatt ya kuigumisha mbao haikuweza kuuzuia wimbi hilo.

Ndoto yake ilikuwa moja tangu tufe la kwanza hadi la mwisho. Alitaka tufe ambalo likikatwa popote lioneshe kitu kile kile, lisilo na mshipa, lisilo na moyo, lisilopendelea upande. Kwake yeye, kiini kizuri kilikuwa kiini kisichojulikana kuwa kipo.

Vizazi vilivyofuata viligeuza wazo hilo. Kila tufe la bolingi hutobolewa matundu ya vidole, na kila tundu huondoa uzito upande huo. Watengenezaji walianza kwa kuweka kipande kizito chini ya mahali pa kutoboa, kufidia kilichoondolewa. Kutokana na fidia hiyo, wahandisi waligundua kwamba umbo la kipande cha ndani hubadili mwendo wote wa tufe.

Mtoto anayechonga pia anaweza kulielewa jambo hili bila hesabu ngumu. Pia mbili zikiwa na uzito sawa, moja nyembamba na nyingine pana, hazichezi sawasawa. Nyembamba huanza kuzunguka kwa urahisi. Pana huhitaji nguvu zaidi kuianzisha, lakini ikishashika kasi haichoki upesi. Uzito ni ule ule; kilichotofautiana ni umbali wake kutoka katikati.

Ndivyo lilivyo tufe la bolingi. Kiini kilichokusanya uzito katikati hulifanya tufe lishike mzunguko mapema. Kiini kilichosambaza uzito karibu na ganda hulifanya lichelewe, liteleze mbali zaidi na kuhifadhi nguvu zake hadi karibu na vigingi. Kanuni za Marekani huruhusu kipimo cha umbali huo kiwe kati ya inchi 2.46 na 2.80, tofauti ndogo kuliko upana wa kidole, lakini yenye kutosha kutenganisha mshindi na mshindwa.

Kipo kipimo cha pili. Kiini kirefu kama yai au balbu huzunguka kwa wepesi upande mmoja na kwa uzito upande mwingine. Tofauti hiyo hulifanya tufe lihamishe mhimili wake kidogo kidogo likiwa njiani, hivyo kila mzunguko sehemu nyingine ya ganda hugusa mbao. Kwa kuwa sehemu ya mwanzo ya njia hupakwa mafuta, jambo hilo ni kubwa. Ganda lisilo na mafuta hushika mbao vizuri zaidi, na tufe hupinda kwa nguvu kuelekea vigingini.

Safari yake huwa na hatua tatu. Kwanza huteleza juu ya mafuta, kisha hushika na kupinda, mwishowe hubingirika moja kwa moja. Kazi ya kiini ni kuamua hatua hizo zianze wapi. Hata hivyo, wataalamu hukiri kuwa ganda na ukwaruzo wake bado vina sauti kubwa zaidi. Kiini kizuri ndani ya ganda lililojaa mafuta hakifui dafu.

Kwa hiyo, kile ambacho Hyatt alikiona kuwa kasoro, yaani upande mmoja kuwa tofauti na mwingine, leo hubuniwa makusudi na kuuzwa kwa bei kubwa. Lakini tofauti ya leo huwekwa na mhandisi anayejua anachokifanya, ilhali ile ya pembe iliwekwa na maumbile, na mchezaji aliigundua akiwa amekwisha kushindwa. Ili ifike siku mtu aweze kuchagua kiini, ilibidi kwanza awepo aliyejifunza kukitengeneza.

Mwaka 1914 wanakemia wa Marekani walimtunuku Hyatt Nishani ya Perkin, heshima kubwa kwa mtu ambaye hakuwahi kusomea kemia chuoni. Alifariki dunia Mei 10, 1920, huko Short Hills, New Jersey, akiwa na umri wa miaka 82. Tippu Tip alikuwa amefariki Zanzibar miaka 15 kabla yake. Hakuna dalili kwamba watu hao wawili waliwahi kufahamiana, ingawa kwa muda mrefu walisimama kwenye ncha mbili za biashara moja.

Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, wakati hapakuwa tena na mchezo wowote ulioihitaji. Bado ujangili uliendelea. Tembo wa Tanzania, waliokadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 mwaka 2009, walishuka hadi takriban 43,000 katika sensa ya mwaka 2014. Mbadala ulikuwapo kwa zaidi ya karne nzima. Kilichokosekana ni nia ya kuacha.

Hilo ndilo funzo linalobaki katika maisha ya mpiga chapa huyo. Alithibitisha kuwa mchezo unaweza kuendelea bila mnyama kufa wala mtu kubebeshwa mzigo hadi pwani. Lakini hakuweza kubuni kitu cha kuwekwa ndani ya moyo wa mnunuzi. Kama fundi wa Tandala ajuavyo, ubao hupigwa randa kwa nje, lakini hunyooka au hupinda kwa sababu ya kilichomo ndani.